Jiwe la Tatu

Kipindi cha Ngome ya Takeshi nilikiona mara ya kwanza msituni Walikale, mwaka 2007, ndani ya sine, banda la turubai la kuonyeshea filamu, magoti yangu yakitetemeka bado. Nilikuwa nimetua mzigo jioni ile ile. Bisie wakati huo ulikuwa mlima wa kasiterite katikati ya pori, na kutoka Njingala, kule barabarani, kulikuwa na kilomita zaidi ya 40 za matope, mizizi na vijito. Hakuna gari lililofika. Kila kilichoingia kiliingia mgongoni mwa mtu: chumvi, maharage, bia, sabuni, mafuta ya jenereta, hata ile televisheni yenyewe. Na kila kilichotoka kilitoka vilevile, gunia la kilo 50 la mchanga mweusi mzito, hadi barabarani, kisha hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami, watu na mbuzi wakitimuliwa pembeni, zikapakia na kuruka kwenda Goma.

Mimi ni mtu wa Masisi. Kwetu ni vilima na nyasi, ng'ombe, ukungu wa asubuhi, jibini za duara. Msitu mnene niliuogopa kama mtu wa msituni anavyoogopa ziwa. Nilishuka Walikale na diploma ya ualimu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mwalimu kwetu alikuwa akilipwa na wazazi wa watoto, na wazazi walikuwa hawana kitu. Nilikuwa natafuta mahari. Wengi pale njiani tulikuwa tunatafuta mahari.

Sine ilikuwa na mabenchi ya mbao ambazo hazijapigwa randa, na televisheni ndogo imewekwa juu ya pipa. Mwenye sine alikuwa amekaa Kampala miaka kadhaa, na kule aliiba kazi ya wale wanaoitwa VJ, wanaosimama kando ya filamu na maikrofoni wakitafsiri na kutia chumvi. Dar es Salaam wanamkumbuka Lufufu kwa kazi hiyo, Wakenya wana DJ Afro wao. Wa kwetu hakuwa na jina, alikuwa na sauti tu. Usiku ule filamu ya karate ilikwama, CD ikawa inarukaruka, watu wakaanza kudai pesa zao. Akachomoa CD nyingine isiyo na picha juu yake, akasema: ngojeni muone Wajapani wanavyoteseka.

Ilikuwa na sauti ya Mwingereza akitania juu ya picha za Kijapani, na mwenye sine akatania juu ya utani wa Mwingereza. Kwa hiyo tulichosikia kilikuwa utani wa tatu. Alituambia kwamba wale watu waliovaa kofia ngumu ni wapagazi. Yule mzee anayewapigia kelele mbele ya lango ni kapita. Wale wanaowangoja nyuma ya milango ni askari wa kizuizi, na yule bwana anayekaa juu ya ngome akicheka ndiye anayekula kodi yote. Hatukuwa na sababu ya kutomwamini. Njia nzima ya Bisie ilikuwa imepangwa hivyo hivyo.

Miaka mingi baadaye, Goma, nilikaa mbele ya kompyuta ya kulipia nikasoma ukweli wake. Kipindi kilikuwa cha shirika la TBS la Japani, kuanzia 1986 hadi 1990. Bwana wa ngome alikuwa Takeshi Kitano, mchekeshaji, na kapita alikuwa mwigizaji Hayato Tani, aliyeitwa Jenerali. Watu kama mia walianza kila mara, wa kawaida kabisa, na mchezo mmoja baada ya mwingine ukawapunguza hadi wakabaki wachache wa kuishambulia ngome. Zawadi ilikuwa yen milioni 1, kwa hesabu ya wakati ule dola elfu kadhaa. Katika miaka yote hiyo ngome ilitekwa mara chache zinazohesabika kwa vidole. Karibu kila aliyekuja, alikuja kuanguka. Nikasema moyoni: mwenye sine hakudanganya sana.

Mchezo ninaotaka kuusema ni ule wa mawe. Kuna bwawa la maji ya matope, na ndani yake mawe yamepangwa kuvuka hadi ng'ambo. Mengine yamesimikwa imara. Mengine yanaelea tu, ukiyakanyaga yanakwenda chini nawe. Kwa macho yote ni sawa, rangi moja, ukubwa mmoja. Mchezaji hawezi kujua. Anaweza tu kukimbia.

Alikuja mzee mmoja, soksi nyeupe zimepandishwa hadi magotini, kofia imemkaza kidevu. Alisimama ukingoni akaunganisha viganja kama anayesali. Akaruka. Jiwe la kwanza likamshika. La pili likamshika. La tatu likafunguka kama kinywa, na mzee akatoweka wima, mikono juu, bila hata kupiga mbizi. Alipotokeza, kofia ilikuwa imemfunika macho. Akaisukuma nyuma, akageukia kamera, akainama kwa heshima, maji yakimchuruzika puani, kama mgeni anayeshukuru kwa chakula.

Sine ililipuka. Watu walipigana migongo, benchi moja likaanguka na waliokalia. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenzangu wa mzigo, kijana wa Masisi kama mimi, kilima cha pili kutoka kwetu. Alikuwa na sababu. Asubuhi ya siku ile ile, kwenye kijito tunachovuka kwa mawe, alikuwa mbele yetu na gunia la chumvi kichwani. Alikanyaga jiwe la kwanza, la pili, la tatu likabiringika, naye akazama hadi shingoni, gunia limeinuliwa juu kwa mikono miwili kama padri anavyoinua kikombe. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Kisha watu watatu wakaingia majini. Walichukua gunia kwanza. Hilo nalo alituchekea sana: “Chumvi ndiyo ndugu yenu, mimi niko mpita njia!”

Sasa pale sine alisimama mbele ya televisheni, akawafunika watu picha, akainama kama yule mzee wa Japani. Kuanzia usiku huo akaitwa Jenerali, ingawa ni kapita wa Kijapani aliyekuwa Jenerali, si mzee wa soksi. Hakuna aliyejali. Na katika nchi yenye majenerali wengi kama yetu, yeye ndiye wa pekee niliyemjua ambaye hakumdai mtu chochote.

Naandika haya kwa sababu ya swali la mtoto. Nilirudi Masisi, nikaoa, nikawa katekista, na siku moja katika mafundisho ya komunyo ya kwanza msichana mdogo akanyoosha kidole: “Mwalimu, Yesu alichekaka?” Wenzake wakacheka, jambo ambalo tayari lilikuwa nusu ya jibu. Nilimwambia tutaona juma lijalo. Ndivyo tunavyosema sote tukibanwa.

Nilikwenda kwa padri mzee aliyewahi kunifundisha. Aliniambia kwamba Yohane Krisostomo, katika karne ya nne, alihubiri kuwa Injili zinamwonyesha Kristo akilia lakini hakuna mahali zinapomwonyesha akicheka, na kwamba watawa wa Ulaya walibishana juu ya hilo kwa mamia ya miaka. Kisha akanyanyuka kwa shida, akanitolea kwenye rafu kitabu chembamba cha Henri Bergson, Le Rire, cha mwaka 1900. “Usikirudishe kikiwa na mafuta ya sambaza,” akasema.

Nilikisoma kwa taa ya sola. Karibu na mwanzo kabisa kuna mtu anayekimbia barabarani, anajikwaa, anaanguka, na wapita njia wanacheka. Bergson anasema tunacheka kwa kuwa mtu yule ameenda kama mashine, ameshindwa kujikunja pale njia ilipojikunja. Anasema pia kwamba ili tucheke, moyo lazima utiwe ganzi kidogo. Ukimhurumia aliyeanguka, kicheko kinakatika. Kabla yake Thomas Hobbes, Mwingereza wa 1651, alikuwa ameandika jambo chungu zaidi: tunacheka kwa sababu kuanguka kwa mwenzetu kunatupa ghafla raha ya kujiona bora.

Hawa ni watu wakubwa, nami ni katekista wa mlimani. Ila nadhani wote wawili waliwatazama wanaoanguka kutoka dirishani. Bergson hakuwahi kubeba gunia. Sisi tulipomcheka Jenerali kijitoni, hakuna aliyejiona bora. Kila mmoja wetu alikuwa bado hajavuka. Ganzi hatukuwa nayo, labda miguuni. Tulicheka kwa sababu jiwe lile lingeweza kuwa langu, na kwa sababu alitokeza. Hilo la pili ndilo kubwa. Kicheko kilingoja kichwa chake kionekane juu ya maji. Kwa muda wa pumzi moja, kabla hajatokeza, kijito kizima kilikuwa kimya, nami nakumbuka ukimya ule kuliko kelele iliyofuata. Wahenga waliposema kuteleza si kuanguka walikuwa wanaipima pumzi hiyo moja.

Nilimjibu msichana juma lililofuata kwa habari ya Sara, mke wa Ibrahimu, aliyecheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia kwamba atazaa uzeeni, akakana, na Mungu hakumwacha akane. Wala hakumwadhibu. Mtoto akapewa jina Isaka, maana yake anacheka. “Basi Mungu aliweka kicheko chake kwenye jina la mtoto,” nikasema, nikajiona nimejibu. Msichana akatafakari. “Lakini mie niliuliza Yesu.” Mpaka leo sijamjibu.

Kitu kilichonisumbua mimi, kwa kweli, hakikuwa kicheko.

Miezi michache baada ya usiku ule wa sine, Jenerali aliacha kubeba akaingia kuchimba, kwa sababu mchimbaji hupata zaidi akibahatika. Mashimo ya Bisie yalikuwa yameingia mlimani kama mashimo ya panya, moja juu ya jingine, yameshikiliwa na miti iliyokatwa jana. Siku moja shimo likajifunga. Walikuwamo kadhaa. Wengine walitolewa hai, yeye hakutolewa hai.

Jioni yake mhubiri mmoja pale kambini alisimama juu ya kreti ya bia akaeleza. Alieleza vizuri sana. Ilikuwa Jumapili, akasema, na wale walichimba siku ya Bwana. Waliookoka ni wale waliokuwa wametoa sadaka asubuhi. Kila kitu kikaingia mahali pake kama mlango kwenye fremu. Watu waliitikia amina, na mimi niliitikia, kwa sababu maelezo yale yalitupa kitu cha kufanya: usichimbe Jumapili, toa sadaka, jiwe lako halitazama. Tuliohofu tukalala.

Kisha mimi, mtu wa Masisi, ndiye niliyetumwa kwa mkewe. Nilibeba maelezo yale kutoka Bisie hadi Masisi kama nilivyozoea kubeba magunia, siku kadhaa, bila kuyatua. Nilimkuta mama huyo akichambua maharage kwenye ungo. Nikampa pole, nikampa pesa tulizochanga, kisha nikaeleza. Jumapili. Siku ya Bwana. Pengine ni funzo kwetu tuliobaki. Alisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikiwa juu ya maharage. Kisha akauliza: “Alikuwa amekula?”

Sikujua. Kati ya yote niliyokuja nayo, hilo halikuwamo.

Katika kitabu cha Ayubu, wale rafiki zake watatu wanafika, wanakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hadi hapo ni marafiki wazuri kuliko wengi tulionao. Wanaharibu wanapofungua kinywa. Hawamcheki Ayubu. Wangemcheka ingekuwa afadhali, angeweza kuwatukana yakaisha. Wanamweleza. Wanampangia mawe yake moja moja, hili lilizama kwa sababu ya dhambi ile, lile kwa sababu ya watoto wako, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea. Nimesoma hapo mara nyingi nikitafuta jina langu.

Na kuna mnara wa Siloamu. Injili ya Luka, sura ya 13: mnara ulianguka Yerusalemu ukaua watu 18. Ni kama habari ya shimo, mtu angeweza kuisoma redioni. Yesu mwenyewe anauliza swali ambalo mhubiri wetu alilijibu juu ya kreti: je, wale 18 walikuwa wabaya kuliko wengine mjini? Anasema hapana. Najua maneno yanayofuata, kwamba wasipotubu nao wataangamia, na wahubiri hukimbilia hapo haraka kama mtu anayeruka jiwe asiloliamini. Mimi nabaki kwenye ile hapana. Aliyekuwa na haki ya kueleza kuliko sote alikataa kueleza.

Hapa mtu makini ataniuliza: bwawa la Takeshi lilikuwa na fundi. Kuna mtu aliyelala akijua jiwe la tatu halina mguu. Je, ulimwengu hauna fundi? Na kama anajua, anatofautianaje na yule bwana wa juu ya ngome anayecheka? Swali hilo silikimbii, ingawa silimalizi. Nitasema tu nilichogundua kuhusu yule bwana wa ngome, maana habari zake ni za ajabu kuliko kipindi chake.

Desemba 1986, kipindi kikiwa bado kichanga, Kitano na wanafunzi wake walivamia ofisi za jarida la Friday lililokuwa likifuatilia maisha yake ya faragha. Akaondolewa kwenye televisheni kwa muda. Kipindi hakikusimama. Pale juu ya ngome akawekwa mtu mwingine amevaa kichwa kikubwa cha karatasi kilichofanana na Takeshi. Na watu mia waliendelea kuja, wakaendelea kukimbilia ngome, wakaendelea kuzama, kwa ajili ya bwana ambaye hakuwapo. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu mpaka mwenye kompyuta akanitazama. Nimehudhuria makanisa ya namna hiyo. Kichwa cha karatasi ni kikubwa kuliko kichwa cha kweli, kinaonekana kwa mbali, na hakibadiliki uso hata uangukeje mbele yake. Mungu wa mhubiri wa Bisie alikuwa wa karatasi. Wangu niliyempeleka Masisi pia.

Kisha Agosti 1994 Kitano akaanguka na pikipiki ndogo, akavunjika vibaya, upande mmoja wa uso ukapooza. Mtu aliyekaa juu akiwacheka walioanguka akawa na uso usioweza kucheka sawasawa. Aliye juu mngoje chini, mtu angesema, na ningekuwa natenda dhambi yangu ile ile, ya kueleza. Alipokuwa akipona alianza kuchora, wanyama wenye vichwa vya maua, na michoro hiyo ameitia ndani ya filamu yake Hana-bi, iliyopewa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 1997. Filamu hiyo niliipata kwenye CD, sokoni Goma. Ina mume anayempeleka mkewe mgonjwa safarini, wanatembea, wanacheza karata, wanacheka kidogo sana, hakuna anayemweleza mwenzake kitu. Mke wangu alilala katikati. Mimi niliitazama mara mbili.

Lakini Wanyanga wa Walikale walikuwa na mchezo wao kabla televisheni haijazaliwa. Mwenzetu mmoja wa njiani, Mnyanga, alitusimulia Mwindo usiku, kipande leo kipande kesho. Padri ndiye aliyeniambia baadaye kwamba hadithi hiyo imo kitabuni, kwamba Mbelgiji Daniel Biebuyck aliinukuu mwaka 1956 kinywani mwa mzee She-Karisi Rureke, ikachapishwa mwaka 1969 yeye akishirikiana na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa tayari anatembea na kusema. Baba yake anamtia ndani ya ngoma, anaitupa majini, na ngoma haizami. Mwindo anamwandama baba yake hadi chini ya ardhi, na kule anamkuta Sheburungu, mwenye uwezo wa kimungu, ambaye hamhukumu wala hamfundishi. Anamwalika wacheze wiki, mchezo wa kamari wa mbegu.

Wanakaa chini wanacheza. Sheburungu anamla Mwindo kila kitu, pesa, mbuzi, vyote, hadi anabaki na mgwisho wake wa mkia aliozaliwa nao. Anauweka huo. Na hapo mchezo unageuka, anavirudisha vyote, na vya Sheburungu juu yake, na baba yake anakabidhiwa.

Mnyanga wetu alipofika hapo aliigiza Sheburungu akishindwa, jinsi alivyokuna kichwa, na sisi tulicheka, wapagazi kumi na kitu tumezunguka moto na soksi zetu zikikauka juu ya vijiti. Padri hakupenda nilipomwambia kwamba Sheburungu amenisaidia kusali. Nilimweleza, hapa naona naruhusiwa kueleza: Takeshi anakaa juu ya mnara, hawezi kushindwa na yeyote aliyemo bwawani ila kwa bunduki za maji. Sheburungu anakaa mkekani, mkono wake una mbegu kama mkono wako, anaweza kula na anaweza kuliwa. “Na Kristo?” akauliza padri, kwa sauti ya mtihani. Nikamwambia namfikiria Petro usiku ule ziwani. Alikanyaga maji kama mawe, la kwanza likamshika, la pili likamshika, akaona upepo, akaanza kuzama. Hakuna katika habari ile anayesimama ufukoni. Mwenye kumshika mkono alikuwa naye kwenye maji yale yale. Anamkemea kidogo, ni kweli, lakini baada ya kumshika. Padri akanyamaza. Kisha akaniuliza kuhusu kitabu chake cha Bergson, nikakumbuka kwamba kina doa la mafuta ukurasa wa kumi na kitu.

Mwaka 2023 vita vilitushusha tena. Tulikaa kambini Bulengo, karibu na ziwa, mahema meupe juu ya mawe meusi ya volkano, watu wa Masisi wengi kuliko niliowahi kuwaona Masisi. Asubuhi moja, kwenye foleni ya maji, madumu ya njano yamepangwa badala ya watu, nilimwona mama yule wa maharage. Amezeeka, kama mimi. Amenijua kabla sijamjua. “Mwalimu,” akasema, “uko na mvi.”

Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa miaka kumi na sita, na yalipotoka yalitoka mafupi. Nikamwambia: “Mama, siku ile nilikuletea maneno mabaya. Unisamehe.”

Akatazama dumu lake. “Ya Jumapili?”

“Ya Jumapili.”

“Haikuwa hata Jumapili,” akasema. “Nilihesabu. Ile barua aliyonitumia kwa mkono wa mtu, aliiandika Jumapili, na aliyeileta alisema alimwacha mzima, kesho yake.” Akasogeza dumu hatua moja, foleni ilikuwa imesogea. “Sikukwambia sababu ulikuwa umechoka. Umetembea siku nyingi.”

Sikuwa na la kusema. Watoto wake wakubwa walikuwa nyuma yake, kijana mmoja ana mabega yale yale, na mjukuu amening'inia kwenye kitenge. Mama akaniuliza kama kule msituni nilikuwa na mumewe muda mrefu, kama alikuwa mtu wa kununa, maana nyumbani alikuwa hajakaa vya kutosha ajue. Nikamwambia kununa hakujui. Nikaanza kumsimulia kijito na gunia la chumvi, na jinsi walivyochukua gunia kwanza. Nikamsimulia sine na mzee wa Japani mwenye soksi nyeupe. Nikainama pale pale kwenye foleni, dumu mkononi, kama alivyoinama Jenerali mbele ya televisheni.

Alianza kucheka kimyakimya, mabega tu. Kisha akashika mdomo kwa kitenge, machozi yakatoka, na wanawake wa mbele wakageuka kuona kuna nini. Mjukuu akacheka kwa sababu bibi anacheka.

“Rudia pale pa jiwe la tatu,” akasema.

Nikarudia.

“Alizama mpaka wapi?” akauliza yule kijana.

“Mpaka hapa,” nikamwonyesha shingoni.